Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka: tafuta ilipokwama kabla ya kupiga Windows

Jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, mwalimu mstaafu, alinigongea mlango sijanywa hata chai. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka. "Mwanangu, ile kompyuta imekufa. Jana usiku nimeiacha nzima, leo haiitikii kitu." Alikuwa ameshampigia simu kijana mmoja wa mjini, na kijana, bila kuiona mashine, akamwambia ailete ipigwe Windows upya, yaani isakinishwe tena.

Nilipobonyeza kitufe palikuwa kimya. Hakuna taa, hakuna feni. Sasa Windows inakaa ndani ya diski, na mashine isiyopata umeme haijui hata kama diski ipo. Nikachomoa waya kwenye ekstensheni, nikauchomeka moja kwa moja ukutani. Ikawaka. Tulipoifungua ile ekstensheni tulikuta vibati vyake vya ndani vimeota kijani. Upepo wa bahari unaotupoza jioni ndio huohuo unaokula vyuma vyetu usiku.

Tangu hapo nimekuwa mkali kidogo kuhusu hili neno "kupiga Windows". Linatibu kitu kimoja tu, tena cha mwisho kabisa kwenye msafara. Kompyuta huamka kwa zamu. Umeme unaingia kwenye pawasaplai. Pawasaplai inaugawa kuwa volti 12, 5 na 3.3 na kuupeleka kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi. Mazabodi inaamsha prosesa, inakagua RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda), inatafuta pa kuonesha picha, inatoa nembo ya kampuni kwenye skrini, ndipo inaigeukia diski. Diski ndiyo inayoitoa Windows. Kazi yako ni kujua msafara umekwama kituo gani. Ukishajua, nusu ya matengenezo imekwisha.

Neno moja kuhusu majina: huku kwetu boksi zima tunaliita CPU. Hapa nikisema boksi ni hilo boksi, na nikisema prosesa ni kile kidude cha mraba kilichofunikwa na feni ndani yake.

Vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota, tochi, brashi mpya ya rangi ya inchi moja, raba nyeupe ya kufutia penseli, betri ya kidonge yenye namba CR2032, na flashi ya GB 8 au zaidi. Multimita (kipima umeme) ukiwa nayo ni neema, ila si lazima. Simu yako ni kifaa pia: piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Wengi wanaokwama hukwama wakati wa kurudisha.

Kabla ya kufungua boksi, chomoa waya wa umeme. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu pawasaplai ikiwa imechomekwa hupeleka volti 5 kwenye mazabodi muda wote, hata mashine ikiwa imezimwa. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa chochote ndani. Kwa unyevu wetu wa pwani umeme tuli hausumbui sana kama bara kwenye ukame, lakini kugusa chuma ni bure.

Na pawasaplai yenyewe usiifungue. Umeme wa 230 ukishanyooshwa ndani yake unafika volti 320 hivi, na kapasita zake (vimkebe vya kuhifadhi umeme) zinaweza kuushikilia muda mzuri baada ya kuchomoa. Ikifa, badilisha nzima.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anzia nje. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama ina umeme. Ruka ekstensheni, ruka UPS, ruka stabilaiza. Nenda ukutani moja kwa moja. UPS ambayo betri yake imekufa huweza kugoma kupitisha umeme ingawa ukutani upo, na watu wengi huilaumu kompyuta. Kisha badilishana waya: waya wa monita kwa kawaida ni wa aina ileile na wa boksi, kwa hiyo kipimo unacho tayari nyumbani. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, ifungue uiangalie. Nyuma ya boksi, kwenye pawasaplai, angalia kama kuna swichi ya kuzimia, na kama iko upande wa kuwasha.

Pawasaplai nyingine za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kwetu lazima kisome 230. Mtoto akikisogeza kwenye 115 halafu mtu akawasha, utasikia mlio wa fataki na harufu utakayoikumbuka.

Kama vyote hivyo ni vizima, rudi kwenye ile hatua ya kuchomoa waya na kushikilia kitufe sekunde 30, subiri dakika mbili, chomeka, jaribu tena. Inaonekana kama uganga lakini inafanya kazi mara nyingi, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo: mazabodi hubaki imeduwaa hadi umeme wote umtoke.

Bado kimya? Fungua boksi. Mulika na tochi kwenye mazabodi utafute kitaa kidogo. Baadhi zina kimoja kinachowaka muda wote umeme ukiwepo. Kikiwaka, pawasaplai ina uhai fulani, na tatizo linaweza kuwa kitufe chenyewe au waya wake mwembamba unaoingia kwenye pini za mbele. Ukitazama Dell OptiPlex, nyingi zina kitufe kidogo nyuma karibu na tundu la waya wa umeme: bonyeza, taa ya kijani ikiwaka, pawasaplai iko hai. Kipimo cha sekunde moja, na wenye mashine hizi wengi hawakijui.

Kwa pawasaplai ya kawaida yenye plagi kubwa ya pini 24, mafundi hutumia waya wa klipu ya karatasi. Chomoa plagi zote kutoka kwenye mazabodi na diski. Ukiwa bado hujachomeka ukutani, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi, kisha chomeka na uwashe. Feni ya pawasaplai ikizunguka, inawaka. Kuwaka peke yake hakuthibitishi uzima, na hapo ndipo multimita inapohitajika. Pima kutoka kwenye waya mweusi: wa njano utoe kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, itupe. Ila angalizo: Dell na HP nyingi za ofisini, hizi zinazotufikia zikiwa zimeshatumika, zina plagi yao ndogo ya pini 8 au 6 badala ya 24, na mpangilio wa waya ni wao wenyewe. Usizipime kwa klipu kwa kukariri rangi.

Hiyo plagi ya pekee inaleta jambo jingine. Pawasaplai nyingi tunaagiza Kariakoo, inaletwa na basi. Ukisema tu "nitumie pawasaplai ya Dell" utapokea isiyoingia, na siku zako mbili zimepotea. Tuma picha tatu: kibandiko chake chenye wati na namba, plagi zake zote zikiwa zimetandazwa, na umbo lake likiwa na rula pembeni. Wati za mashine hizi hutofautiana, kwa hiyo soma kibandiko. Ukipata yenye wati zaidi haidhuru, yenye pungufu usichukue.

Na ukiwa umeshafungua, tazama wageni. Sisimizi na mijusi wanapenda joto la pawasaplai. Mjusi akikatiza mahali pabaya anapiga shoti, anakufa yeye na mashine.

Inawaka sekunde mbili, inazima

Hapa umeme unaingia, ila kuna kitu kinaushtua. Chomoa kila kisicho cha lazima: kibodi, kipanya, printa, flashi, diski zote, kadi ya picha kama mashine ina tundu la picha kwenye mazabodi. Jaribu. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mwenye hatia. Nimewahi kukuta ni tundu la USB la mbele tu, vipini vyake vimepinda vikagusana. Angalia pia kama plagi ndogo ya pini 4 iliyo karibu na prosesa imekaa, na kama kibaridishi cha prosesa hakijalegea.

Inayozima baada ya dakika kumi ni habari nyingine: joto. Kwa ndugu zetu wa Newala, Masasi na Nachingwea, vumbi jekundu huziba mapezi ya kibaridishi mpaka yanakuwa kama matofali. Peleka boksi nje, shika feni kwa kidole isizunguke, safisha kwa brashi au blua. Kama ile pasti kati ya prosesa na kibaridishi imekauka kama chokaa, ifute kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele.

Inaunguruma vizuri, skrini nyeusi

Hii ndiyo kesi ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayowaliza watu bure.

Kwanza ondoa aibu: hakikisha monita ina taa, waya wake umekaza, na imechaguliwa tundu sahihi kwenye menyu yake. Kama boksi lina kadi ya picha ya kuongeza, waya wa monita uingie kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la mazabodi. Mashine za ofisini nyingi zina tundu la picha la DisplayPort, na tunaziunganisha kwa adapta za bei rahisi zinazokufa kimyakimya. Jaribu tundu jingine ukiweza.

Halafu nenda kwenye RAM. Karani mmoja wa chama cha msingi kutoka Tandahimba aliniletea boksi katikati ya msimu wa korosho, orodha ya wakulima iko humo. "Kaka, wameniambia mazabodi imeungua, na watu wananisubiri." Feni zilizunguka, skrini nyeusi, hakuna mlio. Nilitoa vijiti viwili vya RAM. Meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa kahawia. Nilivisugua kwa raba ya penseli, nikarudisha, nembo ikatokea. Hazikupita dakika kumi na tano, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye kutafuta raba.

Fanya hivi. Waya wa umeme ukiwa umechomolewa, sukuma vishikio vya pembeni, kijiti kitajiinua. Kishike kwa ncha. Weka juu ya karatasi safi, sugua meno pande zote mbili kwa raba kuelekea nje, taratibu, mpaka yang'ae. Pangusa vumbi la raba kwa brashi. Spiriti kidogo ikiwepo, pitisha. Safisha na tundu lake kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, utapeleka mate. Unaporudisha, linganisha pengo la kijiti na kijino cha kwenye tundu, kisha bonyeza kwa nguvu pande zote mpaka usikie "ta!" Kijiti kilichokaa nusu ni sawa na kijiti ambacho hakipo.

Anza na kijiti kimoja tu. Kikigoma, kihamishe tundu la pili. Bado, weka kile kingine. Kwa vijiti viwili na matundu mawili una majaribio manne, na ukiyafanya yote bila kuruka utajua kama mbovu ni kijiti au ni tundu.

Sikiliza pia na utazame taa. Mashine inayoshindwa kuonesha picha hujaribu kuongea kwa milio au kwa kupepesa taa ya kitufe. HP za ofisini za zamani hupepesa nyekundu kwa hesabu: mara 2 ni joto la prosesa, mara 4 ni pawasaplai, mara 5 ni RAM, mara 6 ni picha. Kampuni nyingine zina hesabu zao, kwa hiyo hesabu kwanza, kisha tafuta kwenye intaneti kwa jina kamili la modeli. Mashine ikikaa kimya kabisa, toa RAM yote uwashe: ikilia, mazabodi na prosesa vina uhai. Isipolia haimaanishi vimekufa, maana boksi nyingi hazina spika.

Kisha betri ya kidonge. Itoe, subiri dakika tano, weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Betri iliyochoka husahaulisha mashine tarehe na mipangilio yote, na nyingine hugoma kabisa kuanza. Lakini kabla hujaigusa, soma sehemu inayofuata. Mimi niliruka na nikakesha.

Mwisho, mulika kapasita, vile vimkebe vidogo karibu na prosesa. Kilichovimba kichwa au kutoa utomvu kimekwisha. Kukibadilisha ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomelea risasi.

Nembo inatokea, halafu inakwama

Sasa hongera, sehemu ngumu umepita: umeme, mazabodi, prosesa na RAM vyote vinafanya kazi. Imebaki diski na kilichomo.

Ukiona maandishi meupe kama "No bootable device", mashine inasema haioni diski ya kuanzia. Toa flashi zote kwanza. Halafu ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows: kwa Dell gusa F2 mfululizo mara tu unapowasha, kwa HP F10, kwa Lenovo nyingi F1. Tazama kama diski imeorodheshwa. Haipo? Zima, chomoa, badilisha waya wake wa data na uhamishe tundu. Ipo lakini haichaguliwi? Ipandishe iwe ya kwanza.

Ukiona skrini ya bluu mara baada ya kubadilisha betri, usipige Windows. Mimi nilipiga, nikapoteza usiku mzima na programu zote za mwenye mashine. Betri ikitoka, mipangilio hurudi ya kiwandani, na kwenye mashine nyingi za ofisini ule mpangilio wa diski hurudi RAID wakati Windows ilipigwa ikiwa AHCI (ni njia mbili tofauti za mazabodi kuongea na diski). Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa SATA, yaani wa matundu ya diski, badilisha kutoka kimoja kwenda kingine, hifadhi, washa. Ndiyo maana nasema: kabla ya kutoa betri, kama skrini bado inaonesha, piga picha ukurasa huo.

Diski inayogonga "tik, tik, tik" usiendelee kuiwashawasha. Kila jaribio linaikwangua zaidi. Kwa diski hiyo, kwanza ni kuokoa mafaili, matengenezo baadaye.

Okoa mafaili, ndipo urekebishe Windows

Kwenye kompyuta ya jirani tengeneza flashi yenye Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya Linux inayoweza kukaa mahali pa Windows. Ichomeke kwenye mashine yako, washa ukigusa F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi. Chagua kujaribu bila kusakinisha. Sasa unatumia kompyuta bila kuigusa Windows: fungua diski yako, nakili picha, barua, hesabu za duka kwenda diski ya nje. Linux ikikataa kuandika kwenye diski ya Windows usijali. Unachotaka ni kusoma tu. Diski ikidai ufunguo, imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, na ufunguo wake wa tarakimu 48 kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Baada ya hapo rekebisha kwa amani. Washa, na Windows ikianza kuzunguka vidoti, zima kwa kushikilia kitufe. Rudia mpaka mara tatu. Safari inayofuata itafungua menyu ya matengenezo yenyewe. Jaribu ukarabati wa kuanza, kisha kurudisha mashine kwenye tarehe ya nyuma, kisha kuondoa sasisho la karibuni. Kwenye dirisha jeusi la amri, "chkdsk C: /f" hukagua diski, lakini kwanza hakikisha herufi, maana humo C yako inaweza kuitwa D. Vyote vikigoma, sasa ndiyo, piga Windows. Kumbuka Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu nyingi ni kuukuu mno kwa Windows 11 kwa masharti ya wenyewe. Kwa kuandika barua na kufungua barua pepe, ile Linux uliyookolea mafaili inatosha kubaki moja kwa moja.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Usimpelekee neno "imekufa". Andika kwenye karatasi: taa ipi inawaka, feni inazunguka au la, milio mingapi, inakwama kabla au baada ya nembo, umejaribu nini. Fundi akiisoma karatasi hiyo hataanza na Windows.

Na kama kukwama kwenyewe ni kabla ya nembo, fungua skrubu za diski uiache nyumbani. Pawasaplai, mazabodi na RAM hutengenezwa bila diski. Mwalimu wangu wa Shangani huifunga yake kwenye kanga, anaiweka kabatini, ndipo anaita bodaboda.